Siku moja Istanbul kwa watu wawili: mwongozo kamili wa kutembea na kula, kutoka Sultanahmet hadi ng'ambo ya Bosphorus

Wengi hupita Istanbul wakiwa na siku moja tu ya kupumua: ndege ya kuunganisha, fungate, au safari ya kununua nguo mtaa wa Laleli iliyobakiza siku ya mwisho. Kosa la kwanza la wanandoa wengi ni kujaza siku hiyo kwa tiketi. Ayasofya, kasri za Topkapı na Dolmabahçe, Mnara wa Galata, vyote kwa pamoja. Jioni inawakuta wamesimama foleni saa nne nzima, wamekula mkate mkavu wakitembea, na wamenuniana.

Mwongozo huu unalipia sehemu mbili tu asubuhi. Muda unaobaki unakwenda kwenye misikiti, masoko, meza ya chakula na maji. Istanbul imekaa juu ya mabara mawili, na mtu asiyevuka kwa feri Bosphorus, mlango-bahari unaoyatenganisha, hajauona mji wenyewe.

Kwanza, chagua siku

Jumatano na Alhamisi ndizo bora. Jumapili Soko Kuu, ambalo Waturuki huliita Kapalıçarşı, hufungwa, na sikukuu za Idi pia. Ijumaa misikiti mikubwa hufungiwa watalii tangu kabla ya adhuhuri. Msikiti wa Sultanahmet huwafungulia tena karibu saa 8:30 mchana, na hapo asubuhi nzima imevurugika. Jumanne Topkapı hufungwa. Hatuendi huko, lakini watu waliokosa kuingia humiminikia Ayasofya, hivyo foleni yake hurefuka. Jumamosi inawezekana, ila feri na mitaa ya Kadıköy, upande wa Asia tutakakokula jioni, hujaa wenyeji.

Kuhusu saa, msafiri wa Afrika Mashariki ana bahati. Tangu 2016 Uturuki haibadilishi saa zake kiangazi wala baridi, na saa zake ni sawa na za Nairobi na Dar es Salaam. Mbao za huko huandika kwa mtindo wa saa 24, basi toa sita upate saa ya Kiswahili: 09:00 ni saa 3:00 asubuhi, 14:30 ni saa 8:30 mchana. Saa zote humu ni za Kiswahili.

Jua ndilo halifanani na la kwetu. Mwishoni mwa Juni linazama karibu saa 2:40 usiku. Katikati ya Desemba linazama karibu saa 11:35 jioni, na asubuhi halichomozi hadi saa 2:20. Tofauti hiyo ya saa tatu inageuza mpangilio wote wa jioni, na ndiyo maana nusu ya pili ya siku hapa chini ina njia mbili. Adhuhuri lakini haihami sana: mwaka mzima adhana yake ni kati ya saa 6:50 na saa 7:25. Ishike hiyo, kwa sababu ratiba ya mchana imejengwa juu yake.

Vya kubeba, na kadi ya usafiri

Mtandio mmoja mkubwa kwa mke, na nguo inayofunika mabega na magoti kwa wote wawili. Misikitini huazimwa vitambaa, ila kusubiri zamu ya kitambaa ni foleni nyingine. Soksi safi, maana viatu vinavuliwa. Mfuko mwepesi wa kubebea viatu. Viatu vyenyewe viwe vya soli ya mpira iliyozoea mguu: mnatembea kilomita 10 hadi 12, sehemu kubwa juu ya mawe na miteremko, na kiatu kipya hutoa malengelenge kabla ya saa saba. Koti jepesi hata Julai, kwa upepo wa feri. Maji ya chupa, kwani wenyeji wengi hawanywi ya bomba.

Nunueni Istanbulkart kwenye mashine za njano zilizo karibu na vituo vya tramu. Kadi moja inaweza kugongwa mara mbili ikawapitisha wote wawili, lakini punguzo la kuunganisha vyombo humhesabia yule wa kwanza tu. Siku hii ina tramu, feri, treni na labda metro, kwa hiyo kila mtu na kadi yake. Wekeni salio la safari sita kila mmoja. Kugundua kadi tupu wakati feri inafungua milango ndiko kunakowakosesha watu machweo.

Fedha ni lira, na bei hupanda haraka kiasi kwamba menyu ya mwaka jana haina maana. Mashine ya kadi ikiwauliza kama mnataka kulipa kwa lira au kwa sarafu yenu, chagueni lira. Hilo chaguo jingine lina kiwango kibaya cha ubadilishaji. Bakizeni noti ndogo kwa ajili ya simit (mkate wa ufuta), chai na vyoo.

Saa 1:45 asubuhi: kifungua kinywa kidogo

Hapa watu wawili huteleza vibaya. Kila mgahawa utawaonyesha picha ya *serpme kahvaltı*, meza iliyofunikwa visahani ishirini vya jibini, zeituni, asali, mayai na mikate. Ni chakula kizuri mno, ila kinachukua saa moja na nusu na kinaua njaa hadi jioni. Leo mna vituo vinne vya kula. Kiacheni kwa siku yenye nafasi.

Shukeni tramu ya T1 kituo cha Sultanahmet. Nunueni simit mbili kwenye mkokoteni: mkate wa duara uliojaa ufuta, mkavu nje na laini ndani. Ulio mzuri huvunjika kwa sauti. Unaopinda kama mpira ni wa jana. Kaeni mahali penye chai, muagize glasi mbili na, kama mna njaa kweli, menemen moja ya kugawana. Hayo ni mayai yaliyopikwa na nyanya na pilipili hoho, yanaletwa kwenye kikaango. Dakika 30 zinatosha.

Saa 2:30: Ayasofya

Fikeni nusu saa kabla ya saa 3:00, wakati watalii wanapoanza kuruhusiwa. Ikifika saa 4:00 makundi ya mabasi yameshateremka na mstari umezunguka uwanja.

Jengo lilijengwa kama kanisa kati ya 532 na 537 chini ya mfalme Justinian. Likawa msikiti 1453, makumbusho 1935, na msikiti tena 2020. Tangu Januari 2024 mtalii hulipa euro 25 na kuingia ghorofa ya juu tu. Chini ni kwa wanaoswali, nao wana mlango wao usio na tiketi. Mwislamu anayetaka kuswali aingie huko wakati wa swala na aswali. Asiutumie kama njia ya kukwepa malipo, maana walinzi huuliza. Pasi ya makumbusho ya jiji haitumiki hapa, wala kwenye tangi la maji linalofuata. Wanandoa wengi hununua pasi hiyo wakidhani wameokoa fedha.

Juu, msitumie dakika zote kupiga picha kuba, ambalo pia lina ukarabati ulioanza 2025, hivyo mnaweza kulikuta limezibwa na majukwaa. Nendeni ubavu wa kusini, mwisho kabisa. Kuna picha mbili za vigae vidogo, na zote ni za mke na mume. Moja ni ya malkia Zoe na mumewe Constantine IX, ya karne ya 11. Tazameni uso wa mume na maandishi yaliyo juu yake: vilibanduliwa na kuwekwa upya, kwa sababu Zoe aliolewa mara tatu na picha ikabidi imfuate mume mpya. Pembeni ni John II na mkewe Irene, ya 1122 hivi. Wageni wengi huzipita mbio wakitafuta njia ya kutokea, wakati hazina kifani popote. Mpeni kila mmoja nafasi ya kuzisoma.

Saa moja inatosha.

Saa 4:00: tangi la chini ya ardhi, kisha Msikiti wa Bluu

Yerebatan, tangi la maji la Justinian, liko dakika tatu kwa miguu. Mnashuka ngazi 52 hadi kwenye ukumbi wa nguzo 336, kila moja karibu mita 9, zimepangwa safu 12 za nguzo 28. Chini kabisa, kona ya mbali, nguzo mbili zimesimama juu ya vichwa vya mawe vya Medusa, mwanamke wa hadithi za Kigiriki, kimoja kimelala ubavu, kingine kimepinduliwa. Hakuna ajuaye kwa hakika kwa nini viliwekwa hivyo. Sakafu huloa, shikaneni mikono. Tiketi ni ghali kwa mgeni, na kama mmoja wenu hapendi mahali pa giza penye watu wengi, hapa ndipo pa kukata. Dakika 40.

Sultanahmet, uitwao Msikiti wa Bluu, ulijengwa kuanzia 1609, una minara sita, na kuingia ni bure. Hakikisheni mko ndani kabla ya saa 5:30. Wageni huanza kutolewa muda mrefu kabla ya adhana, na anayefika saa 6:15 hukuta lango limefungwa hadi karibu saa 8:00. Vigae vyake ni zaidi ya elfu 20 kutoka mji wa İznik, na vilivyo bora viko juu, kwenye roshani. Kabla ya kutoka, tumieni vyoo vya eneo hili. Mbele havipatikani kwa urahisi.

Topkapı? Inahitaji saa tatu hadi nne pamoja na Harem, makazi ya familia ya sultani, na anayeichomeka hapa hupoteza msikiti wa Süleymaniye na feri. Tunaikata bila majuto.

Saa 5:50: Soko Kuu, kwa mipaka

Fuateni barabara ya Divan Yolu pamoja na reli ya tramu, karibu kilomita moja. Njiani mnapita Çemberlitaş, nguzo iliyosimamishwa na Constantine mwaka 330. Soko lina mitaa 61 iliyoezekwa na maduka yapatayo 4,000. Kupotea ni lazima, kwa hiyo wekeaneni ahadi: mkiachana, mkutane kwenye lango la Beyazıt. Simu ndani hushika mtandao kwa shida.

Dakika 45, na kila mmoja achague kitu kimoja tu cha kununua. Ulizeni bei maduka matatu kabla ya kutoa neno. Mkianza kutaja bei yenu na muuzaji akaikubali, kuondoka ni aibu, hivyo msitaje namba msiyo tayari kuilipa. Chai mnayokaribishwa si deni. Kunyweni, shukuruni, ondokeni. Kwa wanandoa kuna jambo moja zaidi: mwenye shauku na kitu asiwe yeye anayepatana bei. Muuzaji anasoma uso.

Saa 6:45: maharage chini ya Süleymaniye

Kutoka soko hadi msikiti wa Süleymaniye ni dakika 10 hadi 12, mkipandisha kidogo kando ya chuo kikuu. Mkabala na msikiti kuna safu ya migahawa inayopika *kuru fasulye*: maharage meupe yaliyochemshwa polepole na nyanya, siagi na wakati mwingine nyama. Mtu wa pwani au wa bara atacheka kwa furaha, maana ni wali na maharage, ila maharage haya ni laini kama siagi na mchuzi wake mzito unashika wali wenyewe.

Agizeni sahani mbili za maharage, sahani moja ya wali (*pilav*) ya kugawana, kisahani cha achari (*turşu*) na ayran mbili, mtindi wa chumvi uliotiwa maji. Mkate huja wenyewe. Msiagize zaidi. Wakati mnakula, msikiti uko kwenye swala ya adhuhuri na haupokei watalii, hivyo saa ya kufungwa inageuka saa ya chakula. Wanaoswali waingie kwanza, wapate chakula baadaye. Wanawake wana sehemu yao.

Karibu saa 8:00 mchana ingieni. Ni kazi ya msanifu Mimar Sinan, 1550 hadi 1557, na kwa utulivu unaupita Msikiti wa Bluu mbali. Nyuma, ndani ya makaburi, kuna makuba mawili yaliyokaribiana: la Sultani Süleyman, aliyefariki 1566, na la mkewe Hürrem, aliyemtangulia 1558. Kisha simameni ukingoni mwa ua wa kaskazini. Pembe ya Dhahabu, mkono wa bahari unaoingia mjini, yote iko chini yenu, na ng'ambo mnaona mnara wa Galata. Huku ni bure, na ndiyo sababu mnara wenyewe hatuupandi.

Saa 9:00 alasiri: kuteremka hadi gati za Eminönü

Shukeni kwa mtaa wa Uzunçarşı, ambako wenyeji hununua mbao, masufuria na vikapu. Dakika 15 za mteremko. Karibu na chini, juu ya maduka, umejificha msikiti mdogo wa Rüstem Paşa. Ngazi yake ni rahisi kuikosa, na vigae vyake viko usawa wa macho, si juu kama Sultanahmet.

Soko la Viungo, Mısır Çarşısı, ni la karne ya 17. Onjeni, lakini nunueni kwenye maduka ya mitaa ya nje, ambako bei ni nafuu na wanunuzi ni wenyeji. Lokumu, peremende laini ya Kituruki, iwe ya kukatwa mbele yenu, si ile iliyopangwa dirishani ikikauka. Kwa begi, ombeni wafunge kwa mashine ya kutoa hewa (*vakum*).

Kwenye maji kuna *balık ekmek*, samaki wa kuchoma ndani ya mkate pamoja na kitunguu na majani. Mmoja kwa wawili. Mtafuneni polepole, maana miiba haitolewi yote, na limau ndilo linaloondoa uzito wa mafuta. Migahawa ya chini ya daraja la Galata ina wapiga debe wanaowavuta watu mkono. Mkikaa huko, ulizeni bei ya samaki na ya kuver, yaani ada ya kukaa mezani, kabla ya kuvuta kiti.

Wauzaji wa ziara za Bosphorus watawafuata hadi langoni mwa gati. Ziara si mbaya, ila feri ya umma ina maji yaleyale kwa nauli ya kadi yenu.

Jioni ya siku fupi (Oktoba hadi Machi)

Saa 10:00 hivi pandeni feri ya Eminönü kwenda Üsküdar, upande wa Asia, kama dakika 15. Kaeni nje, agizeni chai. Mkishuka, fuateni ufuko upande wa kulia kwa zaidi kidogo ya kilomita hadi Salacak, penye ngazi zinazotazama Kız Kulesi, mnara mdogo uliosimama baharini. Jua linazama nyuma ya mji mkongwe, na minara ya misikiti mliyoitembelea asubuhi inageuka vivuli vyeusi. Fikeni dakika 40 kabla ya machweo, viti hujaa. Katikati ya msimu wa baridi hii ni saa 10:55, kwa hiyo msilaze damu sokoni. Machi mwishoni jua linazama karibu saa 1:20 usiku na mna nafasi tele.

Baadaye rudini kituo cha Üsküdar, pandeni Marmaray, treni ipitayo chini ya bahari, kituo kimoja hadi Ayrılık Çeşmesi, kisha metro ya M4 kituo kimoja hadi Kadıköy. Marmaray hukata nauli ya safari ndefu kabisa mnapoingia. Mkitoka gongeni kadi kwenye mashine ndogo iliyoandikwa *iade* ili salio la ziada lirudi. Wageni karibu wote hupita bila kugonga.

Jioni ya siku ndefu (Aprili hadi Septemba)

Geuzeni. Saa 10:30 pandeni feri ya Eminönü kwenda Kadıköy, dakika 20 na ushei. Kwenda, upande wa kulia una Topkapı na ncha ya Sarayburnu. Kushoto mnaona Kız Kulesi, na karibu na kufika, stesheni ya zamani ya Haydarpaşa. Pumzikeni kwenye bustani za Moda, kuleni kabla ya machweo, kisha njooni Salacak kwa njia ileile kinyumenyume, mfike dakika 40 kabla ya jua kuzama. Mwishoni mwa Juni hiyo ni kula saa 12:00 na kufika kabla ya saa 2:00 usiku; Aprili na Septemba kila kitu kinasogea mapema. Anayekula baada ya machweo ya Juni hukaa mezani saa 3:30 akiwa amechoka, na chakula kizuri kinapita bila kuonjwa.

Meza ya Kadıköy

Msiagize mlo mzima mahali pamoja. Soko la Kadıköy, karibu na mtaa wa Güneşlibahçe, linafaa kuliwa kwa vituo.

Anzeni na *midye dolma*, kome waliojazwa wali wa viungo. Muuzaji hufungua mmoja baada ya mwingine na kuwapa mfululizo bila kuuliza, akihesabu. Semeni *yeter*, imetosha, mnapotaka. Kumi kwa wawili ni kipimo kizuri. Siku ya joto mpite muuzaji asiye na wateja: kome waliokaa juani ndio wanaoharibu matumbo ya wageni, na limau haliwatibu.

Kisha lahmacun mbili, nyembamba kama chapati ya maji, zimepakwa nyama ya kusaga. Kamulieni limau, wekeni majani, viringisheni. Anayependa utumbo achukue kokoreç, utumbo wa kondoo uliochomwa kwa mkuki. Ombeni *çeyrek*, robo ya mkate, kabla ya kujitosa kwenye nusu.

Mkitaka kukaa, migahawa ya samaki huleta sinia la meze, visahani vya kufungulia mlo, mchague. Tatu zinawatosha wawili. Samaki mzima huuzwa kwa kilo: mwoneni, apimwe, mtajiwe bei, ndipo aende jikoni. Migahawa ya namna hii mingi huuza pombe. Wasiotaka waende kwenye *lokanta*, mahali pa vyakula vilivyopikwa tayari.

Kwa utamu, künefe moja yenye vijiko viwili. Ni nyuzi za unga zilizokandamiziwa jibini na kumwagiwa shira. Nzuri hupikwa mkishaagiza, kwa hiyo hukawia. Ikija mara moja imepashwa tu, na jibini lake halivutiki.

Kurudi

Feri za Kadıköy kwenda Eminönü huacha mapema kuliko zile za Karaköy. Pigeni picha ya ratiba gatini mnapofika, kabla ya kula. Mkiikosa ya Eminönü, ya Karaköy inawashusha ng'ambo ya daraja, na T1 inapita hapo. Mkirudi kwa feri kaeni kushoto, upande wa mji mkongwe wenye taa. Mkiwa Salacak usiku, Marmaray kutoka Üsküdar hadi Sirkeci ni kituo kimoja, chini ya bahari, dakika chache. Gongeni *iade* mkitoka.